Kuku Aliyekunywa

3 Machi

Leo nimeripoti kazini rasmi. Mimi ni mtaalamu wa viungo na ubora katika kampuni yenye migahawa ya kuku wa kukaanga, na nimeazimia kuandika shajara hii kwa muda wote wa majaribio, yaani hadi masika yatakapokatika, ili siku nitakapothibitishwa niwe na kumbukumbu sahihi ya njia niliyopita.

Meneja wa Bidhaa alinitembeza jiko kuu yeye mwenyewe. Ni mtu nadhifu, msemaji, asiyependa swali lirudiwe. Tulipofika kwenye mlango wa chumba baridi alisimama, akaupiga kwa kiganja.

“Sheria ya kwanza, binti. Kinachotoka mlango huu kinaitwa kuku. Tunachomwongezea baada ya hapa ndicho kinaitwa kiungo. Kazi yako ni viungo.”

Nimeipenda sheria hiyo. Ni nyepesi kukumbuka na inaweka mpaka ulio wazi, na chuoni tulifundishwa kwamba udhibiti mzuri huanza na mpaka ulio wazi.

Niliporudi nyumbani, Baba alikuwa kwenye cherehani yake ya kukanyaga, mlangoni, akishona sare za shule. “Profesa amerudi!” alipaza sauti ili majirani wasikie. Shangazi, dada yake Baba anayeishi nasi na kutupikia, alijibu kutoka jikoni: “Muulize kama kwa huo uprofesa ataanza kuosha sahani yake.”

5 Machi

Nimepima sosi ya pilipili. Sukari ni nyingi kuliko pilipili.

9 Machi

Wiki nzima nimekuwa nikiorodhesha yaliyomo katika bidhaa zetu, na nakiri nimeshtuka kidogo. Rangi ya dhahabu ya kuku haitoki kwenye mafuta, inatoka kwenye kopo. Unga wa kupakia una kiongeza ladha cha kutosha kumfanya mtu ale hata kipande cha gazeti. Maziwa yamejificha mahali ambapo hakuna mteja angeyatarajia. Hakuna lililo kinyume cha sheria. Ila mteja haambiwi.

Nilimpelekea Meneja pendekezo: sahani moja isiyo na hayo yote. Kidari cha kuku kilichopikwa kwa mvuke, ndimu, majani, basi. Bila chumvi, bila rangi, bila kiongeza ladha. Alilisoma hadi mwisho, akaliweka mezani.

“Nani atakula hiyo?”

“Wagonjwa, Meneja. Wenye shinikizo la damu. Wenye figo.”

Sikumwambia kwamba Baba ana figo. Nilitaka wazo lipite kwa nguvu zake lenyewe.

15 Machi

Mvua ya kwanza. Meneja ameikubali sahani yangu kwa majaribio; tumeiita Sahani Nyepesi. Mpishi mkuu, mama mwenye mabega mapana ambaye jiko zima linamwita Komando, alipika sampuli tatu huku akiguna. Nilichukua moja nyumbani.

Tangu daktari amkataze Baba chumvi mwaka jana, mlo katika nyumba hii umekuwa kama kesi. Baba hula kwa kulazimishwa, Shangazi huapa kwamba hatapika tena, kisha kesho yake hupika. Leo nilimwekea kidari kile mbele yake. Alikiangalia, akakinusa, akakata kipande. Akatafuna polepole. Akakata kingine.

“Umeweka nini humu?”

“Ndimu na majani, Baba. Hakuna kingine.”

“Basi chuo hiki kilistahili ada yangu yote,” alisema, akapangusa sahani kwa kidole.

Shangazi alishika kiuno. “Mimi nimempikia bila chumvi mwaka mzima akinuna kama mtoto aliyenyang'anywa mpira. Leo kuku wa mvuke ndiye amemrudishia meno!”

Nilikwenda chumbani nikiwa na machozi ya furaha. Tangazo nimelitunga papo hapo: *Sahani Nyepesi: unachokiona ndicho unachokula.*

18 Machi

Mvua. Baba ameuliza kama leo nimekuja na “kile cha chuo”. Nimekuja nacho; Komando sasa hunifungia kipande kila jioni.

24 Machi

Uongozi umepitisha. Uzinduzi utafanyika mwezi ujao katika kliniki ya figo, ile ile anakotibiwa Baba, na ni mimi nitakayeitambulisha sahani mbele ya wagonjwa. Meneja alinifungia mlango wa ofisi na kusema kwamba siku hiyo hiyo, Mungu akipenda, nitapewa barua yangu ya kuthibitishwa. “Usiniangushe,” alisema, akacheka, lakini macho hayakucheka.

Baba ametoa kitambaa cha kijivu alichokuwa amekificha sandukuni miaka mingi. Atanishonea koti la siku hiyo. Alinipima mabega kwa futi yake ya kitambaa, mdomo umejaa pini, huku akiniamuru nisipumue kama treni.

29 Machi

Miguu ya Baba imevimba.

Niliona jioni alipovua soksi: alama ya lastiki ilikuwa imezama kama mfereji. Nilimbonyeza juu ya kifundo kwa kidole gumba. Kishimo kilibaki pale, hakikurudi. Alivuta mguu. “Nimekaa sana kwenye cherehani, basi.” Lakini pia anajikuna. Anajikuna mgongo kwa futi ya mbao, anajikuna viganja, anajikuna akidhani hatumwoni.

2 Aprili

Mvua haijakatika. Kishimo kimebaki. Nimeanza kukibonyeza kila jioni.

4 Aprili

Leo nimefanya jambo ambalo si la heshima, ila nalieleza kama lilivyotokea. Miguu ya mgonjwa wa figo huvimba anapokula chumvi, basi nimejiuliza inatoka wapi. Kidari ni salama, nimekitengeneza mwenyewe. Kwa hiyo kilichobaki ni chakula cha Shangazi. Alipokwenda dukani nilionja mchuzi wake wa mboga, nikaonja wali, nikainusa sufuria kama mbwa wa polisi. Sikuhisi kitu, ila nilichukua kopo la chumvi nikalifungia kabatini mwangu.

Alilitafuta. Aliponiuliza, nilijibu kwa lugha ya ofisini, kwamba nimeona vyema kudhibiti upatikanaji wake.

“Kudhibiti upatikanaji,” Shangazi alirudia polepole. “Yaani mimi ndiye namuua ndugu yangu?”

“Sijasema hivyo, Shangazi.”

“Hujasema. Umefungia.” Akavua aproni, akaitundika msumarini. “Pika wewe, Profesa. Pika na vipimo vyako.”

Baba alikuwa mlangoni. Alikanyaga cherehani kwa nguvu, kelele ikatufunika sote. Hakumtetea dada yake. Jambo hilo limenishangaza, kwa maana humtetea hata anapokosea.

8 Aprili

Kliniki. Vipimo vya damu vya Baba vimepanda, na daktari, mama mtulivu asiyetumia maneno ya ziada, aliyasoma majibu mara mbili.

“Mzee, unakula nini?”

Baba alinitazama mimi. Nami, nikiwa na kiburi cha mtu aliyesubiri swali hilo, nilimweleza daktari habari za Sahani Nyepesi: nyama nyeupe, mvuke, ndimu, hakuna chumvi, hakuna kiungo cha kiwandani. Aliitikia kwa kichwa, akaridhika.

“Hicho ni kizuri. Kipande kidogo, mumpe hicho. Vingine vyote punguzeni.”

Kwa hiyo tumepunguza vingine vyote. Nimeagiza kuanzia leo Baba ale kidari mchana na jioni.

11 Aprili

Cherehani iko kimya. Hawezi kukanyaga. Koti langu limening'inia kwenye mlango likiwa na mkono mmoja.

13 Aprili

Mvua, kishimo, kukuna. Shangazi anazungumza nami kupitia kwa Baba: “Mwambie mwanao chai iko mezani.”

17 Aprili

Ninaandika haya nikiwa nimeketi juu ya kreti ya soda katika stoo ya jiko kuu, kwa sababu sitaki kuyaandika ofisini.

Mvua ya usiku iliangusha nguzo ya umeme, na jenereta nayo, baada ya kukohoa asubuhi nzima, ikazima. Chumba baridi kilianza kupata joto. Komando aliamuru vidari vyote vitolewe, vipangwe kwenye trei, tuone vipi vitaokolewa. Sote tulikwenda kusaidia, hata wahasibu na viatu vyao.

Nilikuwa sijawahi kuuvuka mlango ule. Sikuwa na sababu. Viungo viko upande wa huku.

Kuku walikuwa wakiyeyuka. Sijawahi kuona nyama ikitoa maji kiasi kile. Yalijaa trei, yakamwagika sakafuni, na hayakuwa maji ya damu ya kawaida. Yalikuwa na uzito wake, na yalipotikiswa yalitoa povu. Nilibonyeza kidari kimoja kwa kidole gumba, pasipo kufikiri, kama ninavyofanya kila jioni. Kishimo kilibaki.

Nilisimama nikikitazama. Kifaa changu cha kupima chumvi kilikuwa mfukoni mwa koti jeupe, kilipo siku zote. Nimekitumia kwa sosi, kwa unga, kwa mchuzi wa mvuke kabla haujaguswa na nyama. Sikuwahi kukitumia kwa nyama, mbichi wala iliyopikwa, kwa kuwa nyama si kiungo. Nilikichovya kwenye maji ya trei.

Nilikifuta nikachovya tena. Nikaenda trei nyingine, kisha ya mwisho kabisa karibu na ukuta. Kote kilisema jambo moja: chumvi, na nyingi.

“Komando,” niliita. “Nani ameweka chumvi kwenye hawa?”

Alikuwa akiinua trei. “Hakuna aliyeweka. Wamekuja wamekunywa.”

“Wamekunywa nini?”

Akaitua ile trei. “Kule machinjioni wanawadunga sindano, mwanangu. Maji, chumvi, na ile dawa ya kuyashikilia maji.”

“Fosfeti?”

“Ndiyo, hiyo. Kuku anakuwa mnene, anakuwa laini, hakauki. Wote wako hivyo.” Alinichunguza usoni. “Nilidhani unajua. Si ndiyo kazi yako?”

Fosfeti. Mtihani wa mwaka wa tatu. Nilipata alama za juu. Mgonjwa wa figo hawezi kuitoa mwilini, hujilimbikiza, na dalili ya kwanza ni ngozi kuwasha. Niliweza kulisoma swali lile kwenye karatasi na kulijibu kwa aya mbili safi, na sikuweza kulisoma kwenye mgongo wa baba yangu.

18 Aprili

Meneja alinisikiliza hadi mwisho. Hilo nalikiri kwa haki. Kisha akaniletea kiti.

“Binti yangu, tuliza moyo. Hakuna aliyedanganya. Sisi hatuongezi chumvi. Wewe mwenyewe uliandika.”

“Niliandika pia kwamba unachokiona ndicho unachokula, Meneja.”

“Na ni tangazo zuri mno.” Aliegemea mbele. “Tutatafuta kuku mkavu, asiyedungwa. Naahidi. Lakini mabango yameshachapishwa, kliniki imeshaalika watu. Tuzindue kwanza, turekebishe baadaye. Kwenye hotuba sema hivi: jikoni mwetu hatuongezi chumvi wala kiungo chochote. Kuna uongo hapo?”

Nilitafuta uongo katika sentensi ile. Nilitafuta kama mtu anayetafuta mwiba kwenye samaki, na sikuupata. Ilikuwa sentensi iliyojengwa vizuri. Ningeweza kuitunga mimi.

19 Aprili

Jioni nilimwambia Baba. Shangazi alikuwepo, nilimwomba abaki.

Nilieleza kila kitu, nikiwa nimesimama kana kwamba natetea tasnifu: sindano, maji, chumvi, fosfeti, mimi. Nilipomaliza, nilitoa kopo la chumvi kabatini nikampa Shangazi kwa mikono miwili. Alilipokea. Akalitikisa sikioni kana kwamba anahesabu nilichoiba.

Baba alikuwa akitazama miguu yake juu ya kigoda.

“Nilijua,” alisema.

“Ulijua nini, Baba?”

“Kwamba ina chumvi. Tangu ile siku ya kwanza.” Alijikuna kiganja. “Mtu aliyekaa mwaka mzima bila chumvi, unadhani ataonja asijue? Ilinigusa hapa kwenye ulimi, nikasema, lo! Nikajiambia mtoto kasema haina, mtoto kasoma, basi huenda ni ndimu. Lakini nilijua.”

“Na ukala,” Shangazi alisema.

“Nikala.”

“Na mimi ukaniacha nilaumiwe. Nikafungiwa chumvi kama mwizi, wewe unakanyaga cherehani!”

“Nilikuwa naona aibu, dada.” Sauti yake ilishuka. “Ilikuwa tamu. Na huyu alikuwa ananitazama vile... Hukumwona alivyokuwa ananitazama ninavyokula? Ningesemaje?”

Nikakumbuka ile jioni: kidole chake kikipangusa sahani, mimi mlangoni, nikihesabu furaha yangu. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyetaka kumvunja mwenzake moyo, na kati ya adabu zetu mbili figo zake zilikuwa zikizama.

Shangazi aliinuka, akaenda jikoni, akarudi na bakuli la wali mweupe na mchicha. “Kula. Haina kitu. Na ukinuna nakumwagia kichwani.”

21 Aprili

Daktari amembadilishia dawa na kumwongezea siku za kufika kliniki. Nilipomweleza kuhusu kuku, alifunga faili taratibu. “Niliwaambia mumpe hicho,” alisema, akijiambia mwenyewe zaidi kuliko mimi. Kisha: “Uzinduzi bado upo? Waliowaalika ni wakubwa wangu, si mimi.”

Nilimjibu kwamba upo. Nikachukua mkoba wangu. Nimetembea hadi nyumbani kwenye mvua huku nikilionea haya neno hilo moja.

23 Aprili

Kesho. Nimeandaa hotuba mbili. Ya kwanza ina sentensi ya Meneja. Katika ya pili sijaweza kuvuka aya ya kwanza. Baba ameketi kitandani akishona mkono wa pili wa koti kwa sindano ya mkono, kwa vile miguu haimruhusu kukanyaga. Hakuniuliza nitasema nini. Aliuliza tu kama nataka mfuko wa ndani.

24 Aprili

Ukumbi wa kungojea wa kliniki ulikuwa umejaa. Mabango yalining'inia juu ya mabenchi, na maneno yangu yalikuwa makubwa kuliko nilivyoyakumbuka. Sahani zilikuwa zimefunikwa mezani. Mvuke ulitoka pembeni mwa vifuniko na wagonjwa walikuwa wakiugeukia, wale watu waliokatazwa karibu kila kitu. Meneja alikaa mstari wa mbele, bahasha ya barua yangu mkononi. Daktari alisimama nyuma kabisa, karibu na mlango.

Nilianza vizuri. Naweza kuanza vizuri hata nikiwa na homa. Nilizungumzia lishe, nikazungumzia dhamira ya kampuni, nikafika kwenye ile sentensi. “Jikoni mwetu,” nilisema, “hatuongezi chumvi wala kiungo chochote.” Meneja akaanza kupiga makofi, watu wakafuata.

Bibi mmoja katika benchi la mbele hakupiga. Miguu yake ilikuwa imefungwa kanga kwa sababu viatu havikuingia. Alisubiri makofi yaishe, akanyoosha mkono kuelekea sahani iliyokuwa karibu naye.

“Mwanangu, hayo ya jikoni sisi hatuyajui. Wewe tuambie tu. Nile au nisile?”

Nilifungua kinywa ili nimjibu kitaalamu. Nilitafuta maneno ambayo yangemtosha yeye na yangemtosha Meneja pia, na kwa mara ya kwanza tangu nijue kuandika sikuyapata. Niliitazama miguu yake. Nilijua kwamba ningeibonyeza, kishimo kingebaki.

“Usile, Bibi.”

“Nini?”

“Usile. Kuku wanatujia wakiwa tayari wamedungwa maji ya chumvi na fosfeti. Sisi hatuongezi, ila imo. Baba yangu ameila mwezi mzima na imemwangusha. Ni mimi niliyemlisha.”

Bibi aliurudisha mkono wake mapajani polepole. Ukumbi ulianza kunong'ona. Meneja alisimama, akaifikia maikrofoni, akasema kwamba mtaalamu wetu kijana amechoka na kwamba kampuni italitolea ufafanuzi suala hili. Mzee mmoja akauliza kwa sauti: “Ufafanuzi wa nini? Binti kashafafanua!” Watu wakacheka, kicheko kile cha kliniki, kifupi, na hakuna aliyefunua sahani.

Daktari alipita katikati ya mabenchi, akaanza kuzikusanya mwenyewe. Nilimsaidia. Bahasha sijaiona tena.

25 Aprili

Nimeambiwa nisiende kazini hadi nitakapoitwa.

30 Aprili

Sijaitwa. Mvua imepungua, leo jua lilitoka hadi mchana. Komando alipita nyumbani baada ya zamu yake, akasema mabango yameshushwa na Sahani Nyepesi imefutwa, na kwamba jikoni sasa Meneja hausogelei mlango wa chumba baridi hata kidogo. “Wewe wamekuandikia nini?” aliniuliza. Nilimwambia bado sijui. Ni kweli, na sijalala vizuri kwa sababu hiyo. Nimetuma maombi ya kazi mahali pawili, na kila nilipofika kwenye sababu ya kuondoka nimeandika, nikafuta, nikaandika.

Shangazi alinunua kuku mzima, akiwa hai, akamleta akimning'iniza kwa miguu. “Huyu namjua amekunywa nini,” alisema. “Maji ya bomba.” Alimpika bila kitu, akampa Baba kipande kidogo kama daktari alivyoruhusu, kisha sote wawili tukakaa tukimtazama mdomoni.

Baba alitafuna. Alitafuna tena. Aligeuza macho kwangu, akageuza kwa dada yake, na nilimwona akitaka kutupa neno la kutufurahisha. Kisha akaliacha.

“Haina ladha,” alisema. “Haina ladha kabisa. Ni kama kutafuna mkeka.”

Shangazi alipiga kofi moja, akacheka hadi akajishika ubavu. Nilipiga magoti mbele ya kigoda, nikambonyeza Baba juu ya kifundo, nikaondoa kidole. Kishimo kilikaa. Nikangoja. Taratibu, taratibu sana, kikaanza kujaa.

“Nimwongeze?” Shangazi aliuliza.

“Usithubutu,” alisema Baba.